Waliohesabiwa Bila Kuja

Kwetu milimani, kule juu Kivu ya Kusini, watu hawahesabiwi. Ukimuuliza mtu ana watoto wangapi, atakujibu kwamba Mungu amemjalia, au atakukaribisha uje nyumbani ujionee. Ng'ombe vilevile. Mchungaji hasimami mlangoni mwa zizi akinyoosha kidole. Anawatazama tu wakiingia, na kama mmoja amebaki bondeni atamjua kwa rangi yake na pembe zake. Kuhesabu wenye pumzi ni kumwonyesha kifo pa kuanzia. Ndivyo nilivyolelewa, na ndiyo maana humu sitaandika tulikuwa wangapi nyumbani kwetu. Msomaji anisamehe. Nimekaa Marekani miaka mingi, nalipa bima ya gari, nagombana na kampuni ya simu kwa Kiingereza, lakini hilo bado siliwezi.

Sasa cheka kidogo: kazi yangu ni kuhesabu watu.

Siku za kawaida nipo kwenye ghala, nafunga maboksi. Lakini kuanzia masika hadi mwanzo wa vuli, timu ya besiboli ya Louisville inapocheza nyumbani, mimi husimama kwenye geti la uwanja. Kazi hiyo nilielekezwa na mtu wa kanisani kwetu, mtaa wa Newburg. Aliniambia ni rahisi: simama, tabasamu, sema karibu. Hakunitajia kimashine. Siku ya kwanza msimamizi wetu, mama mtu mzima mwenye magoti mabovu na ulimi mwepesi, alinitia kiganjani kitu cha chuma, cha mviringo, chenye kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba. Kila anayepita, bonyeza. Nilimuuliza kwa nini, wakati skana inasoma tiketi na kujijumlisha yenyewe. Akasema skana inahesabu tiketi, yeye anataka watu.

Wiki hiyohiyo nilimsikia mtangazaji, katikati ya mchezo, akitaja kwa kipaza sauti idadi ya waliohudhuria. Nikageuka kutazama majukwaa. Nusu ya viti vilikuwa vitupu. Mimi nina hasira za karibu, nakiri, na mtu mzima anayesema uongo kwa kipaza sauti ananikera kuliko anayenong'ona. Nikamfuata msimamizi nikamuuliza yule bwana anamdanganya nani.

Akanieleza kwa uvumilivu, kama anavyowaeleza wageni wote. Idadi inayotangazwa si ya waliokuja. Ni ya tiketi zilizouzwa. Ukinunua kisha ukalala nyumbani na mafua, umo. Columbus wanafanya hivyo, Buffalo wanafanya hivyo, na historia ya mahudhurio ya timu zote za ligi hiyo imeandikwa hivyo, mwaka baada ya mwaka. Akanipa mfano. Kulikuwa na mzee mwenye kiti chake cha msimu mzima, nyuma ya kituo cha tatu cha wakimbiaji. Akafariki Mei.

"Tulimhesabu mpaka Septemba," akasema, akauma mkate wake wa soseji. "Hakukosa mchezo hata mmoja."

Alikuwa anatania, nami nikacheka kama mtu anavyochekea utani wa bosi. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, na mimi methali hiyo nilikuwa nimeilalia na kuiamkia tangu utotoni. Kumbe kuna mahali ambapo asiyekuwapo ana kiti chake, na anatangazwa.

Mama yangu, ninayeishi naye, aliposikia kazi yenyewe aliningoja nimalize kula. Kisha akasema, "Batu hawahesabiwake. Utatuletea nini humu mu nyumba?" Nikamweleza kwamba ni wageni, Wamarekani, na wenyewe wanapenda kuhesabiwa. Akanijibu kwamba hata mgeni ana mama yake. Tukapatana kwamba kimashine kilale kwenye gari, kisivuke mlango.

Nakumbuka vizuri ilipoanza, kwa sababu mwanzoni nilidhani ni uzembe wangu. Mwisho wa kuingiza watu tulikuwa tunalinganisha: skana imesoma ngapi, kimashine kimesoma ngapi. Changu kilizidi mmoja. Siku ya pili kikazidi mmoja. Msimamizi akanitania kwamba najihesabu mwenyewe nikipita kwenda chooni. Nikabadilisha kidole. Nikabadilisha kimashine. Nikaacha kuongea na watu getini, mpaka mmoja akalalamika kwamba nimenuna. Bado mmoja.

Basi ikaja siku ya mchezo wa mchana, ile wanayoletwa wanafunzi kwa mabasi ya njano. Msimamizi akasimama ubavuni mwangu na kimashine chake, tukabonyeza pamoja, bega kwa bega, saa nzima. Chake kikalingana na skana. Changu kikazidi mmoja. Alivitazama vyote viwili kwenye viganja vyetu, jua likiwaka, watoto wakipiga kelele ndani.

"Kuna mtu unambonyezea ambaye mimi simwoni," akasema, na hakucheka. Akaandika idadi yake kwenye daftari. Toka siku ile hakuniuliza tena yangu, ingawa aliniacha niendelee kubonyeza.

Nisingesimulia hili kama mambo yangeishia hapo. Lakini baridi ilipoingia msimamizi alinitafutia kazi ya ofisini kwa wiki chache: kuingiza kwenye kompyuta madaftari ya zamani ya mahudhurio, tangu enzi za uwanja wa awali. Daftari moja kwa kila mwaka, mwandiko wa watu mbalimbali, wengi wao bila shaka wamekwisha kufa. Safu mbili: waliouziwa, na waliopita getini. Kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Kuna siku ya Aprili, mvua ya barafu, mchezo ukachezwa hivyohivyo. Safu ya kwanza ina maelfu, ya pili ina watu wa kujaza basi moja. Nilikuwa natazama nafasi nyeupe kati ya tarakimu hizo mbili na kujiuliza wale wote wa katikati walikuwa wapi saa ile.

Dirisha la ofisi lilitazama majukwaa. Januari, saa sita mchana, theluji imekalia viti vyote sawasawa, kila kiti na mto wake mweupe. Nilikuwa naandika, nikahisi kwamba wote wananisubiri niwafikie. Mimi si mwoga. Niliinuka nikashusha pazia, nikaendelea na kazi.

Sasa niseme kilichokuwa kinanisumbua, maana msomaji atadhani mtu mzima anaogopa viti.

Tulitoka nyumbani kwetu asubuhi moja ya ukungu. Bunduki zilikuwa zinalia bondeni. Tulipanga mstari kwenye kinjia cha mianzi: mama mbele na mtoto mchanga mgongoni, wadogo zangu nyuma yake, na mimi mkubwa wao mwisho kabisa, kama mtu anavyofuata ndama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alisema mambo mawili tu. Asiite mtu jina la mwenzake, na asihesabu mtu.

Ukungu wa kule si huu wa Louisville unaotoka mtoni na kuondoka kabla ya chai. Ule ulikuwa unakaa. Nilikuwa naona mgongo wa aliye mbele yangu, basi. Lakini kinjia kilikuwa na kona kubwa inayozunguka korongo, na pale, kwa muda mfupi, mstari wote ulionekana upande wa pili kama vivuli. Hofu ilinishinda. Nikahesabu. Sikutumia kidole wala midomo. Nilihesabu kwa ulimi juu ya meno, jino moja kwa kila kivuli. Hesabu ikatimia. Wote walikuwepo. Nakumbuka nilivyofurahi, nikataka hata kuimba.

Tuliposhuka chini ya ukungu, kwenye jua la bondeni, mdogo wangu mmoja hakuwepo. Alikuwa na miaka mitano. Mama aliketi chini, uso ukielekea tulikotoka, na watu waliokuwa wanakimbia walitupita pande zote mbili. Mimi nilijua kilichompata. Nilihesabu, naye akachukuliwa. Sikumwambia mtu. Nimevuka mipaka, nimekaa kambini miaka, nimepanda ndege, nimekula kiapo cha uraia, na neno hilo limekuwa chini ya ulimi wangu muda wote.

Mama naye hakukubali kamwe kwamba mdogo wangu amekufa. Kila walipotuandikisha kambini alitaja jina lake. Wakiuliza yuko wapi, alisema hayupo hapa, lakini yupo. Wakaandika amepotea.

Ndipo masika iliyopita mama mkubwa, dada wa mama anayeishi Buffalo, akapiga simu. Ukoo umeamua kufanya ibada ya kumaliza matanga ya wote waliobaki milimani bila kaburi. Mchungaji wa kanisa atasoma majina. Orodha ikatumwa kwa simu, na jina la mdogo wangu lilikuwemo. Mama akasema litolewe. Mama mkubwa akasema imetosha sasa, mtoto anahitaji kuombewa apumzike, na yeye mwenyewe anahitaji kupumzika. Mama akamkatia simu. Wiki mbili hawakusemezana, wazee wawili wa kanisa. Kisha mama akatangaza kwamba tutakwenda, na jina atalitoa kwa mkono wake.

Nikaendesha. Tulilala njiani kwa dada yangu anayenifuata, Reynoldsburg, nje kidogo ya Columbus. Asubuhi, mezani, binti yake wa miaka minne akawa anatuonyesha alichojifunza shuleni. Akatuzungushia kidole, mmoja mmoja, akihesabu kwa Kiingereza. Dada yangu alimkataza, lakini mtoto alikuwa amekwisha kumaliza. Akatoa jumla. Ilizidi mmoja.

Nilitarajia mama akasirike. Hakukasirika. Uso wake uliingia baridi. Akamuuliza mtoto, kwa Kiswahili, "Ule mwingine ni nani?" Mtoto akajibu kwa Kiingereza, na dada yangu akatafsiri huku akicheka: anasema hajui, hajamwambia jina. Watoto wa umri ule hujihesabu mara mbili, kila mwalimu anajua. Mama hakumaliza chai yake. Tulipotoka mjini tulipita karibu na uwanja wa timu ya Columbus, mtupu asubuhi ile, na kwa mazoea nikatazama geti. Yeye alikuwa anatazama kiti cha nyuma cha gari.

Kwa mama mkubwa, mtaa wa Lower West Side kule Buffalo, nyumba ilikuwa imejaa watu wa ukoo hadi kwenye ngazi. Orodha ilibandikwa kwenye friji. Mama na dada yake walikaribishana chai kwa adabu iliyonitisha kuliko matusi. Tafadhali dada, hapana, wewe kwanza dada. Ibada ya matanga ilikuwa kesho yake, baada ya ibada ya asubuhi ya kanisa lao. Kila aliyefungua friji kuchukua maziwa alipita mbele ya jina la mdogo wangu, na mama alikuwa amekaa anapowaona wote. Kufikia saa tisa alasiri niliona kwamba moto utawaka. Nikamwambia mama twende, kuna mchezo jioni hii, aone kazi ninayofanya. Hajawahi kukanyaga uwanja wowote. Alikubali, nadhani kwa kumkomoa dada yake.

Ilikuwa Aprili, na mwezi wa Aprili kule Buffalo haujui kama ni masika. Upepo ulitoka ziwani ukapita kwenye majukwaa bila kuzuiwa na mtu. Watu walikuwa wachache mno, wamejifunga blanketi, mmoja hapa, wawili kule. Viti vya pale hujikunja vyenyewe ukiinuka, kwa hiyo vingine vyote vya safu yetu vilikuwa vimekunjika, isipokuwa kimoja, cha pili kutoka alipokaa mama, ambacho kilikuwa kimekaa chini kama kinakaliwa. Nilikiinua kwa mkono. Kikashuka tena polepole. Nikajiambia ni kutu.

Tulitazama mchezo bila kuuelewa. Mama aliuliza mara moja kwa nini yule anayerusha anafikiria sana. Kisha mtangazaji akashukuru mahudhurio na kutaja idadi, maelfu, na watu wachache waliokuwepo wakacheka na kujipigia makofi. Mama akaniuliza amesema nini. Nikamfasiria. Akatazama viti, upande huu, upande ule, taratibu kama anayetafuta mtu sokoni.

"Wanahesabu na wale hawakukuya?"

Nikamwambia ndiyo, kama alikuwa na nafasi yake anahesabiwa. Nikamsimulia hata habari ya yule mzee aliyekufa Mei. Nilikuwa natania. Neno lililokuwa chini ya ulimi miaka yote likatoka lenyewe.

"Mama, siku ile njiani, mimi nilihesabu."

Hakugeuka. Nikamwambia yote: kona, korongo, meno. Nikamwambia ndiyo maana alichukuliwa, ni mimi niliyemmaliza ndugu yangu. Nilikuwa nalia, mwanamume mzima mwenye ndevu, na mtu wa safu ya chini alitutazama kidogo akarudisha macho uwanjani. Nilisubiri mama anipige. Ningefurahi anipige.

"Ilitimia?" akauliza.

"Ilitimia."

"Hapana."

"Mama, ilitimia. Wote walikuwepo."

Alikaza mikono yake miwili kati ya magoti. Aliposema, alisema akitazama mbele, kwa sauti ya mtu anayesoma.

"Mie nilitangulia kuhesabu. Pale ku mulango, tukiwa tunatoka. Ndugu yako hakukuwa. Alikuwa amefuata kandama ka ng'ombe ku mutoni tangu asubui. Nilimwita mara moja, polepole. Bon, masasi ya bunduki ikakaribia. Nikatoka na wale nilikuwa nao."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nilijua, mutoto yangu. Tangu mulango."

Basi katazo lile la njiani halikuwa mila. Lilikuwa la mama aliyefanya hesabu yake na hakutaka mtoto wake yeyote airudie. Nasema ukweli: nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa ajili ya mtoto wa mtoni, na kwa ajili yangu, kwa miaka niliyobeba mzigo usio wangu, naye amekaa jikoni akiujua ukweli. Nilitaka kuinuka nimwache pale na Buffalo yake. Kisha nikamtazama alivyokaa, mdogo ndani ya koti la msaada, na nikajaribu kufikiri ningefanya nini mimi mlangoni pale na mtoto mchanga mgongoni. Hasira ikabaki, lakini haikuwa na mahali pa kwenda.

Mchezaji mmoja akapiga mpira, ukapaa, ukadakwa. Mama akanigeukia kwa mara ya kwanza.

"Ule wa kutimiza hesabu," akasema, "alikuwa wapi mu mustari?"

Ningeweza kumwambia kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili, mwenye hofu, kwenye ukungu, anaweza kuhesabu mwanzi akadhani ni ndugu yake. Maneno hayo nilikuwa nayo tayari mdomoni, na pengine ndiyo kweli. Lakini nilifumba macho na kona ile ikaja yote, na vivuli upande wa pili wa korongo, na mpaka leo sijui kama nilimwambia nilichokiona au nilichotaka kukiona.

"Alikuwa wa kwanza, mama. Nyuma yako kabisa. Alikuwa anakukanyagia kisigino."

Midomo ya mama ilikuwa inatembea bila sauti.

"Miaka yote," akasema mwishowe, "nilikuwa namuona anatoka ku mutoni na kandama yake. Anafika ku nyumba. Mulango iko wazi, moto ingali inawaka, na batu hakuna. Anaita. Kila siku namusikia anaita." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Kama alikuwa nyuma yangu, donc basi alishakufa kule ku mutoni. Hakurudiaka ku nyumba."

Nikamwambia hapana, hakurudi nyumbani.

"Hakuita."

"Hakuita, mama."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayepokea maagizo ya daktari. Kisha akavuta koti lake, akaniomba nimsaidie kusimama.

"Kesho basome jina yake," akasema.